Kitunguu Bila Ua Hakina Jina

Vijana wangu wa ofisi ya mimea, siku ile mliponiaga mliniomba jambo dogo: nikifika nyumbani niwaandikie namna ya kutofautisha vitunguu vya pori, kwa sababu kitabuni vinafanana na mkononi vinafanana zaidi. Basi nimefika nyumbani. Ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote duniani, ingawa dunia yangu, mnavyojua, si kubwa: Kolwezi, Musonoi, bwawa la Nzilo mara chache, na Sandoa mara moja, ambako niliumwa tumbo siku tatu kwa kukumbuka kitanda changu. Mke wangu, Mama Véro, amenipa meza ndogo karibu na jiko kwa sharti moja: nisiingize tena ndani kitu chenye mizizi.

Nilipomaliza sekondari niliandika barua kwa kampani ya migodi nikiomba kazi ya ofisini. Neno «ofisini» nililipigia mstari. Wakanijibu vizuri, wakanipa ofisi, na ofisi ilikuwa na meza, viti viwili na dirisha. Ambacho hawakuniambia ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa milimani, na kwamba ofisi ni pale unaporudi kukauka.

Kazi hiyo mnaijua, lakini niieleze kwa wajukuu ambao labda watasoma. Mlima wenye shaba hauoti miti kama mingine. Unaota majani mafupi na maua yake ya pekee, na mtu anayeyajua maua hayo anaweza kuwaambia wahandisi wapi watoboe. Vitunguu vya pori vimo katika hesabu hiyo. Kimoja kinapenda udongo wa shaba, na mwenzake anayefanana naye kama pacha anaukimbia. Ukiwachanganya, wahandisi wanatoboa mahali pasipo kitu, halafu wanakuja kukutafuta.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa mtaalamu wa mimea wa ofisi, Tata Kabeya; tata kwetu ni baba. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi na hakujua kwingine. Mtu mfupi, koti la kazi la rangi ya vumbi, na katika mfuko wa kifua wembe uliochomekwa kwenye kizibo cha chupa ili usimkate. Aliniwekea vitunguu vitatu juu ya meza.

«Hii ni nini?»

«Ni vitunguu, Tata.»

«Byote?»

«Vyote.»

«Basi weye unajua kula. Kazi, bado.»

Nikakaa chini nisubiri maelezo. Akaniangalia nilivyokaa, nilivyoegemea, nilivyotafuta mahali pa kuweka mguu. «Huyu bamenitumia mutu ao bamenitumia kiti?» Kuanzia siku hiyo jina langu Ngoy likabaki kwenye karatasi tu. Ofisini niliitwa Kiti.

Siri ya kwanza ya vitunguu vya pori vya milima yetu, alisema, ni kwamba si vitunguu. Kitunguu cha kweli, ukikikata, pua inakijua kabla ya macho. Maua yake yanakaa pamoja juu ya bua moja kama watu wa familia wanaopiga picha. Vyetu havina harufu ile. Vimevaa nguo ya kitunguu tu, kama mtu aliyeazima koti la harusi.

Halafu akavikata vyote vitatu. Wa kwanza ana majani yenye madoadoa, na ukilirarua jani taratibu unaona nyuzi nyembamba kama za buibui zinazokataa kuachana: huyo ni Ledebouria. Wa pili ana ua lenye petali sita, lakini tatu za nje zimefunguka na tatu za ndani zimesimama zikikumbatiana kama zina siri, na kila moja ina mstari wa kijani mgongoni: Albuca. Wa tatu ana bua refu linalotoka kabla ya majani, maua madogo yasiyodumu, na maji yake yakikugusa ngozi yanawasha, na akiliwa anaua: Drimia. «Huyu wa tatu,» akasema, «usimulete ku nyumba.»

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii, na ndiyo ninayotaka muikumbuke kuliko majina ya Kilatini. Chimba, usivute; ukivuta, ganda la nje linabaki udongoni na ndilo linalosema nusu ya maneno. Kata kwa wembe, si kwa kisu cha jikoni. Na ukipata kitunguu kisicho na ua, usikipe jina. Kioteshe kwenye kopo la maziwa lenye udongo, ungoje. Nyuma ya ofisi kulikuwa na safu za makopo, na juu ya kila moja karatasi yenye neno moja: BADO. Mengine yalingoja miaka miwili. Mhandisi mmoja alikuja kupiga kelele kwamba anahitaji jibu leo. Tata Kabeya akamwonyesha kopo kwa heshima zote: «Mulize yeye, patron. Mi nilishamuliza.»

Mwezi wangu wa tatu niliacha mfuko wa kazi ukining'inia jikoni. Mama Véro, ambaye tulikuwa tumeoana juzi juzi na bado alikuwa ananiamini, akachukua kitunguu kimoja akakikata kwa ajili ya mboga. Nilisikia kisu kikisimama.

«Ngoy.»

«Ee.»

«Hii kitunguu yako hainitoe hata machozi.»

Nikaruka kutoka kitini, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kilikuwa Ledebouria, si yule wa tatu, lakini nilioga jasho. Yeye alikitupa uani na kunawa mikono. «Banakulipa juu ya kuokota bitu ambayo kuku anakataa?» Kuku kweli alikuwa amekikataa. Jumatatu nilimsimulia Tata Kabeya. Akacheka mpaka akavua miwani. «Bibi yako amefika mu mwaka wa tatu ya masomo,» akasema. «Weye bado mu ya kwanza.»

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, mimi nikilalamika juu ya miguu, yeye akinijibu kwa Kilatini. Kisha mgodi ukaanza kuanguka. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine. Mposho, kile chakula ambacho kampani ilikuwa inagawia kila familia, ikachelewa, ikawa nusu, halafu siku moja mlango wa ghala haukufunguliwa. Watu wakapanda milimani na majembe. Walichimba kila kilichokuwa na umbo la chakula, na vitunguu vya pori vikaanza kuuzwa Musonoi kwa mafungu, vimeoshwa vizuri, vinang'aa.

Na wakati ule ule yakaanza maneno ya kufukuzana. Wale ambao baba zao walitoka Kasai waliambiwa si wa hapa, warudi kwao. Neno lililotumika lilikuwa la Kifaransa: non-originaires, wasio wa asili ya hapa. Majirani walioazimana chumvi miaka ishirini wakaacha kusalimiana. Familia zikajaa ku gare, stesheni ya treni, na magodoro yao, zikingoja treni ambayo haikujulikana itafika lini. Mke wa Tata Kabeya na watoto walikuwa huko tayari, kwenye kivuli cha ukuta wa bohari. Yeye mwenyewe alikuwa akija kazini kila asubuhi kwa njia ya nyuma.

«Tata, kaa na familia,» nilimwambia. «Wakikukamata njiani?»

«Treni ikifika itapiga firimbi, nitasikia. Mi nimebakisha karatasi makumi ine za kuandika. Nitamwachia nani? Kiti?»

Alifanya kazi katika chumba cha kukaushia mimea, mlango umefungwa. Mimi nilikaa mbele, kazi yangu ikiwa kuonekana kama mtu aliye peke yake. Mnajua nina kipaji cha kukaa. Ila kila hatua iliyopita nje niliihesabu mpaka ipotee. Kama wangemtoa pale, hakuna ambaye angejua angefika gare na mifupa mingapi.

Wakafika asubuhi moja, vijana watatu wa kamati ya mtaa. Mbele alikuwa Fidèle, mtoto wa Musonoi, ambaye mama yake alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni.

«Yambo, Tata. Tunataka liste ya ba non-originaires ya hii ofisi.»

Ningependa kuwaambia kwamba nilichofanya kilikuwa akili. Hapana. Nilisikia neno lile, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye daftari la kijani lililokuwa juu ya meza, kwa sababu juu yake, kwa mwandiko mzuri wa Tata Kabeya, ilikuwa imeandikwa NON-ORIGINAIRES. Lilikuwa daftari la mimea iliyoletwa nchini kutoka nje.

Fidèle akalifungua. Akasoma kwa sauti ya hukumu:

«Cepa, Allium. Eko wapi?»

Ni kitunguu cha sokoni, kwa jina lake la Kilatini. «Eko mu kila nyumba, chef.»

«Namna gani mu kila nyumba?»

«Hata kwenu. Uliza mama.»

Wenzake wakaangaliana. Mmoja akauliza kama mtu huyo ni mwizi. Fidèle akashusha kidole. «Guajava, Psidium.»

«Huyo eko nyuma ya ofisi. Amesimama.»

Wawili wakatoka mbio kumkamata. Walikaa kidogo. Waliporudi, kila mmoja alikuwa na pera mdomoni na sura ya mtu ambaye hataki kuulizwa.

Fidèle alikuwa amefika ukurasa wa pili na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. Naye alikuwa amepita sekondari. «Zea mays,» akasoma polepole. «Zea mays... Hii si mahindi?»

«Ni mahindi.»

«Bukari?» Ndio ugali wetu.

«Bukari.»

«Bukari ni non-originaire?»

«Ilitoka mbali sana, chef. Ngambo ya bahari.»

Mwenye pera la kwanza akaacha kutafuna. «Na sombe?»

Nikamfungulia ukurasa. Muhogo, naye pia. Yule wa pili akasema kwa huzuni ya kweli: «Bakienda byote, tutakula nini?» Ndipo Fidèle akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka puani, wenzake wakafuata, na mimi nikafuata kwa kuchelewa kama mtu anayeitikia wimbo asioujua.

Alifunga daftari akalirudisha. Nilidhani imekwisha. Lakini akatia mkono mfukoni, akatoa kitunguu kikubwa, kimeoshwa, hakina jani wala ua.

«Basi mutaalamu, niambie hii. Mama amechimba kilo na kilo. Iko ku moto sasa hivi. Ni kitunguu ya kula?»

Vijana wangu, sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo kosa langu kubwa la miaka yote. Sikukikata. Sikukinusa. Nilichotaka ni kwamba watu hawa watatu watoke kabla chumba cha nyuma hakijakohoa. Nikasema: «Iko muzuri.»

«Hakika? Sababu inaniwasha mukono kidogo.»

«Itakwisha.»

Nyuma ya mlango kiti kilianguka. Mlango ukafunguka kwa kishindo na Tata Kabeya akatoka, miwani kichwani, wembe mkononi, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

«Kiti! Unasema nini? Inawasha, na unasema iko muzuri?»

Akakinyakua kitunguu mkononi mwa Fidèle bila kumwangalia, akakikata juu ya daftari, akakisukuma chini ya pua yangu. Hakuna harufu. Maji yakatiririka kwenye vidole vyake. «Jina sijui, haina ua. Lakini hii haingie mu nyungu ya mutu!» Ndipo akamgeukia kijana. «Mama ameweka mu moto saa ngapi?»

«Asubuhi, Tata. Tunakula saa sita.»

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo.

«Kimbia!»

Fidèle akakimbia. Tulimwona dirishani akivuka barabara bila kuangalia magari. Wenzake walibaki wamesimama na mapera yao, mbele ya mtu ambaye walikuja kumtafuta. Tata Kabeya akawapigia kelele: «Na ninyi? Atamwaga nyungu peke yake? Mwende!» Wakaenda. Mmoja alisema hata «ndiyo, Tata».

Tukabaki wawili. Nikaanza kumvuta mkono: wamekuona, twende, nitakupitisha uani kwangu. Hakusogea. 

«Kama ungeniuza mi, Ngoy, ningekusamehe,» akasema, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuniita jina langu. «Lakini kusema kitu bila kukata!»

Hata leo, nikikumbuka, masikio yananichoma.

Saa nane hivi tukasikia sauti ya mwanamke barabarani. Alikuwa Mama Fidèle, mwanawe nyuma yake amebeba gunia, na nyuma ya mwanawe wamama wengine kama kumi na vikapu. Sufuria ilikuwa imemwagwa kabla ya kijiko cha kwanza. Alisimama mlangoni, akampima Tata Kabeya kutoka miwani mpaka viatu.

«Ni weye?»

«Ni mi, mama.»

«Sasa weka wembe yako tayari. Hapa kuko kazi.»

Wiki mbili nzima ofisi yetu ilikuwa na foleni ndefu kuliko zahanati. Tata Kabeya alikata, mimi niliandika. Hiki hapana. Hiki hapana. Hiki mama, hata mbuzi hapana. Ambavyo havikuwa na ua vilipandwa, na makopo yakaisha, tukapanda kwenye vikombe vyetu vya chai. Fidèle alipanga mstari, na alikuwa mkali: «Mama, weye ulikuja nyuma ya huyu, nimekuona!» Kijana mmoja wa kamati alipothubutu kuuliza kwa nini mtu yule bado yuko hapa, Mama Fidèle alimjibu kutoka kwenye mstari bila kugeuza kichwa: «Ataenda siku treni yake itafika, na ataenda na meno yake yote. Mwenye kumugusa, aanze na mi.» Nilijifunza katika wiki hizo mbili zaidi ya miaka yote iliyotangulia. Na tulicheka, Mungu anisamehe, mji ulikuwa unalia na sisi tulicheka mpaka mbavu ziliuma, kwa sababu wamama wale walikuwa wanamwita Drimia «non-originaire» na Tata Kabeya akiwasahihisha kila mara: «Hapana, mama, huyu ni wa hapa kabisa. Ni mubaya, lakini ni wa hapa.»

Nilimwuliza kama hatabaki, sasa Musonoi nzima inamlinda. Alifuta wembe muda mrefu. «Mutoto wangu mudogo anaogopa kutoka kwenda kuchota maji,» akasema. «Mama moja na kinywa yake hawezi kulinda kisima.»

Treni ikapiga firimbi mchana, watu wakapanda mpaka juu ya paa. Mimi niliyechukia safari nilibeba magodoro yao mawili kutoka kwenye ukuta wa bohari mpaka behewani, na Fidèle akabeba masanduku. Tata Kabeya alikuwa ameshapata mahali dirishani, mtoto mapajani, wakati Mama Fidèle alipopita katikati ya watu kwa viwiko, ameshika kitunguu kimoja juu ya kichwa chake. Hiki hakikufanana na vingine. Akamtupia. Tata Kabeya akakidaka, akakigeuza, akakuna ganda kwa ukucha. Mabehewa yakagongana, treni ikaanza kutembea. Akakirudisha kwa kukirusha.

«Panda!» alipiga kelele. «Panda, ungoje ua!»

Halafu hakukuwa na habari. Miezi. Watu waliorudi kutoka njia ile walisimulia mambo ambayo sitayaandika. Wengi walifika, wengine hawakufika. Kila jioni Mama Véro aliniuliza kama kuna neno, na kila jioni nilimjibu kwa kukaa.

Mvua za kwanza zilipokuja, Fidèle alinifuata nyumbani. Kitunguu cha mama yake kilikuwa kimetoa bua. Nikaenda Musonoi kwa miguu, na lupe yangu ya kukuzia, na majirani wakasimama duara kama kwenye kilio. Nikahesabu petali: sita. Tatu zimefunguka, tatu zimekumbatiana, mstari wa kijani mgongoni. Nilihesabu tena. Nikasema: Albuca. Nikakikausha, nikakibandika kwenye karatasi, nikaandika jina, na nikampa mfanyakazi mmoja wa treni aliyekuwa anaelekea Mwene-Ditu, upande wa Kasai. Anwani: Kwa Tata Kabeya, yule wa vitunguu, popote alipo.

Mvua zikaisha. Kiangazi kikaanza. Siku moja mfanyakazi yule akasimama uani kwangu na karatasi ile ile, imekunjwa mara nne, imechafuka. Imerudi, nikafikiri, hawakumpata. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko ninaoujua, mstari mmoja na nusu.

Mama Véro alikuwa anapepeta unga. Aliniona midomo inacheza bila sauti.

«Inasema nini? Ngoy! Inasema nini?»

«Anasema ni Albuca kweli,» nikamwambia. «Na anasema nimetia gundi nyingi sana.»

Ungo ulianguka, unga wote chini, na Mama Véro akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza ni nani ameoa.